Nati ya Pili

Mtu aliyetupwa nje ya ile pikapu alizikwa jana. Pikapu yenyewe ilikuwa bado nyuma ya kituo cha polisi, kati ya tangi la maji na rundo la baiskeli zilizokamatwa, bampa imepinda na taa ya kulia imening'inia kama jicho la mtu aliyekula ngumi. Gari kuukuu, la kuvuta kwa miguu yote minne, kijani chake kimechujuka mpaka mtu angeweza kubishana kama kweli kiliwahi kuwa kijani.

Mpelelezi alivua koti, akalitandika chini ya injini, akalala chali juu yake na tochi mkononi. Tochi hiyo ndiyo iliyompa jina. Kituo kizima, pamoja na wezi wote wa mji, walimwita Mama Tochi.

"Afande," alisema Koplo kutoka kwenye kiti cha dereva, tumbo likikaribia kupiga honi lenyewe, "Mkuu ameshakata shauri. Fundi anapelekwa mahakamani leo hii hii. Kusababisha kifo kwa uzembe. Gari la mahabusu likishafika tu, kwisha habari. Sasa huko chini tunatafuta nini?"

"Wewe unatafuta usingizi. Mimi natafuta kilichotetemeka. Funga mdomo, fungua macho."

Kesi ilionekana nyepesi. Kijana mkubwa wa Mzee wa Mbao, yule mwenye kiwanda cha kupasua mbao juu ya kilima, aliteremka asubuhi na pikapu ya baba yake. Aliyapita matuta yaliyo karibu na kona. Mwanamke aliyekuwa akianua nguo aliona magurudumu ya mbele yakipepesuka kushoto na kulia kama ya kigari cha mtoto, mara pikapu ikaiacha barabara, ikajigonga kwenye kingo ya udongo, mlango ukafunguka na dereva akarushwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo gari lilitoka gereji kwa fundi aitwaye Spana, ambaye alilibadilishia shokapu ya usukani. Na mkwe wa Mzee wa Mbao alikuwa ametoa maelezo: alilichukua gari gereji kwa mikono yake mwenyewe, na njia nzima usukani ulitetemeka.

Askari wa trafiki aliandika: shokapu ya usukani imefungwa vibaya. Mkuu akagonga muhuri.

Mama Tochi hakuwa na ugomvi na muhuri. Alikuwa na ugomvi na neno moja tu, "ulitetemeka". Kabla ya kuvaa magwanda alikuwa ameendesha malori ya mizigo miaka mingi, na alijua kwamba usukani hautetemeki hivi hivi tu. Una namna zake.

Alikuwa ameanza na matairi. Rimu ya mbele kushoto ilikuwa imepoteza kirisasi chake cha balansi, kile kipande kinacholisawazisha gurudumu, na Koplo alishangilia kama amefunga goli.

"Si hicho hapo! Kesi imeisha, twende tukale."

"Angalia pale kiliponasa. Pasafi. Rimu nzima ina tope la siku nyingi, pale tu ndipo panang'aa. Kimechomoka kwenye ajali yenyewe. Halafu gurudumu lisilo na balansi hukusumbua mwendo ukifika mahali fulani, ukipunguza linaacha. Linakuchosha mikono, halikunyang'anyi gari."

Akaenda kwenye breki. Diski zilikuwa laini, hazina mawimbi. Usukani wa gari hili usingetetemeka kwa kukanyaga breki. Akaja kwenye shokapu mpya ya Spana. Imefungwa sawasawa, bushi zake hata vumbi hazijashika. Na hata ingelegea, Mama Tochi alijua kazi yake ni ndogo: hiyo huumeza mtikisiko, haiuzai. Anayeuzaa ni mwingine, anayekaa nyuma yake.

"Washa injini. Sasa zungusha usukani. Kidogo. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama unamtingisha mtu aamke."

Koplo akatii. Magurudumu yakasaga changarawe. Mama Tochi alipitisha vidole kwenye kila kiungo kama daktari anayetafuta mapigo. Viungo vya tairodi, kimya. Sanduku la usukani, kimya. Akafika kwenye kile chuma kirefu kinacholala kuvuka kutoka fremu hadi ekseli, ambacho mafundi wengi hukiita fimbo ya ekseli. Kazi yake ni moja: kuizuia ekseli isihame kwenda pembeni.

Tk.

"Tena."

Tk. Tk.

Alishika nati. Imekaza kama imechomelewa. Alielewa kwa nini trafiki aliipita. Aligusa kwa spana, akakuta imekaza, akaendelea na safari zake. Lakini chini ya nati iliyokaza fimbo ilikuwa ikicheza.

"Zima. Niletee jeki na spana."

Alipoichomoa ile bolti alibaki ameishika mbele ya macho kwa muda, akaiviringisha vidoleni.

"Koplo, hebu shuka."

"Nimekuwa mzigo, afande, kushuka ni shughuli."

"Shuka."

Koplo alishuka, akachungulia. Mama Tochi aliirudisha bolti kwenye tundu lake bila nati. Ilicheza humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba.

"Nyembamba," alisema Koplo, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Tundu bado ni la mviringo safi. Ingekaa humu siku nyingi, tundu lingeshaliwa likawa yai. Kuna mkwaruzo mmoja tu, mpya. Mtu ametoa bolti nene akaweka hii, na si zamani. Polepole barabara nzuri husikii kitu. Ukigonga tuta kwa mwendo, ekseli inahama, magurudumu yanaanza kupigana, na hayaachi mpaka usimame."

"Spana!"

"Labda." Alielekeza tochi kwenye ncha ya bolti. "Lakini hebu tazama. Aliyetaka hii fimbo icheze ameifunga kwa nati mbili. Ya kwanza inabana, ya pili inaifungia ya kwanza isilegee. Amefanya kazi ya uovu kwa uangalifu wa mtu mwema."

*

Nje ya geti la kituo mke wa Spana alikuwa amesimama na chombo cha chakula alichokatazwa kukiingiza. Mama Tochi alikichukua mkononi mwake, akaingia nacho mahabusu.

Spana alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na hata siku hiyo maneno hayakuwa yamemwishia.

"Mama, mimi magari ya mji huu nimeyalea. Nimeyalea! Leo nimekuwa muuaji? Yule marehemu alikuwa rafiki yangu, alisimamia harusi yangu."

"Kula, huku unanijibu. Fimbo ya ekseli ya pikapu ile uliigusa?"

"Niliitikisa nikaona nzima. Bolti yake nene, ile ile iliyokuja na gari. Sikuifungua."

"Wewe ukifunga bolti ya huko chini, unatia nati ngapi?"

Spana aliacha kutafuna. Alionekana kama ametukanwa. "Moja. Ile yenye plastiki ndani, inajibana yenyewe. Nati mbili za nini? Nafunga gari au nafunga ng'ombe?"

"Shokapu ulibadilisha kwa nini?"

"Ya zamani ilikuwa inavuja mafuta. Marehemu alilalamika usukani una kahoma kadogo. Alikuja na mkwe wao, yule Msumeno. Nikawalaza wote wawili chini ya gari nikawaonyesha. Mimi si fundi wa kuficha ujuzi, mama. Nikawaambia, hiki kitu kipya kitatuliza, lakini mzee mwenye nyumba ni hii fimbo. Hii ikicheza, ukapita tuta kwa mwendo, utacheza ngoma usiyoijua."

"Nani aliuliza?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu fimbo. Wewe ulianza kueleza, au mtu aliuliza?"

Spana alifikiri. Mkono wenye chakula ulishuka polepole.

"Marehemu alikuwa anapokea simu. Aliyeuliza ni Msumeno. Aliniuliza, sasa hii ikicheza kidogo tu, dereva atajua? Nikamwambia hajui mpaka agonge kitu." Alimkodolea macho. "Mama, mimi ndiye niliyemfundisha?"

Mama Tochi alimsogezea chakula. "Gereji kwako kuna bolti ya saizi ile?"

"Kopo jekundu, rafu ya chini. Mwambie mke wangu, anazijua kuliko mimi."

Simu ya mpelelezi ililia mfukoni. Mkuu. "Gari la mahabusu limeshatoka mahakamani, linakuja. Wewe uko wapi?"

"Niko na fundi."

"Basi muage."

*

Bolti ya haki, kutoka kopo jekundu la Spana, iliingia mahali pake kwa kugongwa, jinsi inavyotakiwa, na pikapu ikapanda kilima kwa nguvu zake yenyewe. Koplo aliendesha, uso umemkunjamana kila walipokaribia shimo, ingawa alikuwa ameshika tochi wakati nati ikikazwa.

Kiwandani msumeno mkubwa ulikuwa umezimwa kwa ajili ya msiba, lakini harufu ya mbao mbichi ilikuwa imejaa kila mahali. Mama Tochi alipita kando ya mashine kabla hata hajasalimia watu. Meza ya msumeno, miguu ya mota, vishikio vya mkanda: kila bolti ilikuwa na nati mbili, moja juu ya nyingine.

"Nani hufunga hivi?"

"Sote," alijibu Mzee wa Mbao nyuma yake. Alikuwa amevaa kanzu ya jana, na ndevu hazikuwa zimechanwa. "Mimi ndiye niliyewafundisha. Mashine hii inatikisika kutwa nzima, mama. Nati moja humu inakutafutia jeneza. Marehemu alifunga hivyo, mkwe wangu anafunga hivyo, mimi nafunga hivyo hata kitanda changu."

Koplo alimtupia jicho bosi wake. Tuhuma zikawa zimepanuka, zikawa za kiwanda kizima.

"Pole sana kwa msiba, mzee. Mwanao alikuwa anakwenda wapi asubuhi ile?"

Mzee alitazama upande wa nyumba. Kwenye kibaraza alikaa binti yake, mtandio umevutwa ukafunika shavu la kushoto. Hakuugusa, lakini alipoona anatazamwa aliinamisha kichwa.

"Alikwenda kumleta dada yake," mzee alisema. "Alimwambia mkwe jana yake jioni hapa hapa, mbele yangu: shemeji, kesho nakuja kumchukua dada, na vitu vyake vyote. Wala hakupandisha sauti. Na mkwe hakubisha. Alisema sawa. Akasema yeye atabaki nyuma kidogo asafishe mashine."

"Peke yake?"

"Peke yake. Na gari lilikuwa pale penye vumbi la mbao." Mzee aliigeuzia nyumba mgongo. "Usinifikishe huko, mama. Nina mtoto mmoja aliyebaki, na huyo ndiye mumewe. Mmesema ni fundi. Niachieni fundi."

Msumeno alikuwa anatokea bohari. Mtu wa mifupa, nyusi zimejaa unga wa mbao, na alikuwa na tabia ya wale waliokaa sana karibu na mashine: alisema kwa kelele hata palipokuwa na kimya.

"MAMA, MMELETA GARI? Tulidhani limeshakuwa chuma chakavu!"

"Bado linatembea. Nilitaka unisaidie jambo dogo. Ulisema ulipolitoa gereji lilitetemeka."

"Njia nzima!"

"Ukienda kasi, au polepole?"

"Kote kote!"

"Na ukikanyaga breki?"

"Ndiyo kabisa, likazidi!"

"Na ukigonga kitu?"

"Hata... ndiyo. Hata hapo."

Mama Tochi alitikisa kichwa polepole. Mtu aliyewahi kushika usukani unaotetemeka hukwambia namna moja, na hukwambia kwa mikono kabla ya mdomo. Huyu alikuwa amelikubali kila swali aliloulizwa. Mikono yake yenyewe ilikuwa nyuma ya mgongo.

Alimrushia ufunguo. Akaudaka.

"Twende tukateremke mpaka mjini. Nataka niuhisi huo mtetemeko mwenyewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayeujua."

"Mama, gari lile ni mauti!"

"Ulilitoa gereji likitetemeka njia nzima na ukafika salama. Leo pia utafika."

Mzee wa Mbao alikuwa akiwatazama. Binti alikuwa amesimama. Msumeno aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akacheka peke yake, akajikaza kisabuni na kupanda. Mama Tochi alikaa pembeni yake. Koplo alijikongoja nyuma kwenye bodi, akashika bomba la juu. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika, na sikio lake likawa ndani ya gari kuliko mwili wake.

Waliteremka.

Barabara ilinyooka kama kamba. Msumeno aliendesha kwa gia ya chini, injini ikilia, mikono imekaza mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Gia ya juu," Mama Tochi alisema.

"Hapa mteremko."

"Marehemu hakuteremka hivi. Gia ya juu."

Akaingiza. Mwendo ukaongezeka, upepo ukaingia kwenye kioo kilichovunjika. Usukani ulikaa mikononi mwake kimya kabisa. Jasho jembamba lilichora njia kwenye unga wa mbao shavuni mwake.

"Unatetemeka?"

"Ee... kidogo."

"Mimi nauona umetulia. Koplo, huko nyuma kuna mtetemeko?"

"Mtetemeko uliopo ni wa magoti yangu, afande."

Matuta yakatokea mbele, mekundu, na baada yake kona, na kwenye kingo ya kona kovu jipya la udongo. Simu ya Mama Tochi ilianza kulia. Hakuipokea.

"Usipunguze."

"Mama."

"Usipunguze, nimesema."

Msumeno alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikapu ilisota, injini ikakata, ikasimama pua ikikaribia kulibusu tuta la kwanza. Koplo aligonga kabini kwa kifua na kutoa neno lisilofaa kuandikwa. Kisha palibaki mlio wa simu, nao ukakoma.

"Sipiti," Msumeno alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Sipiti hapo."

"Kuna nini hapo?"

"Litatupindua."

"Limekuja kutoka juu limetulia kama maji ya mtungi. Trafiki ameandika shokapu. Mkuu wangu anasema shokapu. Baba mkwe wako anasema shokapu. Shokapu haiogopi tuta. Wewe unaogopa nini?"

"Ile fimbo," alisema, "ikigonga tuta..." Akakatisha.

Upepo ulipita. Nguo zilizoanikwa nyumba ya jirani zilipiga makofi.

"Fimbo," Mama Tochi alirudia. "Hiyo mimi na Spana tumeizungumza leo, mahabusu, mlango umefungwa."

"Spana alitueleza! Siku ile, gereji, alitueleza wote wawili!"

"Alieleza. Na alisema fimbo ni nzima. Nani alikwambia imeharibika?"

Mama Tochi alitia mkono mfukoni, akaweka juu ya dashibodi ile bolti nyembamba na nati zake, kila kimoja peke yake. Dashibodi ilikuwa imeinama. Nati moja ikaanza kubingirika.

Msumeno aliidaka kabla haijaanguka. Hakufikiri. Aliichukua bolti kwa mkono wa pili, akaizungushia nati mpaka ndani, akaichukua nati iliyobaki, akaifuatisha nyuma ya mwenzake, akazikaza moja kwa nyingine kwa vidole vikavu vyenye nguvu. Kazi ya kufumba na kufumbua. Kisha alibaki ameitazama mkononi.

"Kwa nini mbili?" aliuliza Mama Tochi.

"Moja hulegea," alisema Msumeno.

Alilisikia jibu lake mwenyewe likitoka. Bolti ikamponyoka, ikaanguka miguuni pake, na haikufunguka.

"Asingekuja kumchukua," alisema, kwa sauti ile ile ndogo, akiongea na tuta. "Angeniachia mke wangu. Nilitaka achelewe tu. Gari limharibikie, achelewe, niongee naye yule mwanamke."

"Ukachagua bolti ya kumchelewesha mteremkoni."

Koplo alikuwa tayari mlangoni, pingu mkononi, na safari hii aliyafanya yote bila utani. Walimhamishia nyuma. Mama Tochi aliiokota bolti kwa leso, akapiga simu.

"Mkuu, hilo gari la mahabusu limefika?"

"Limefika, mtu wako anapandishwa sasa hivi. Mkewe analia getini, ananichosha. Upo wapi wewe?"

"Mshushe."

"Nini?"

"Mshushe fundi. Ninakuja na abiria wa kiti chake."

Alizunguka, akakaa nyuma ya usukani, akawasha. Kwenye kioo cha pembeni alikiona kilima chote, na juu yake, getini, watu wawili wadogo wamesimama: mzee wa kanzu na mwanamke ambaye upepo ulikuwa umemvua mtandio, naye hakuuokota.

Nyuma, Msumeno alianza kupiga kelele. "Mama, usipite! Bolti nene iko kwenye ndoo bohari, chini ya vumbi! Nitawaonyesha! Usipite na hili gari!"

"Tutaifuata baadaye," alisema Mama Tochi. "Hii iliyomo imetoka kwenye kopo la Spana, na inalijaza tundu."

Akaingiza gia ya pili, ya tatu, akaachia breki. Magurudumu yaligonga tuta la kwanza, la pili, la tatu. Usukani ulishtuka mara moja mkononi mwake, ukatulia. Akakata kona.